Nani Anamwagiwa Mali? Namna ya Kusoma Mchoro wa Istiara Kuhusu Sanaa na Fedha

Wachoraji wamelalamika kuhusu fedha tangu walipoanza kulipwa. Wengi walilalamika kwa barua, wengine wakaenda mahakamani, na wachache walishika brashi wakayachora malalamiko yenyewe. Michoro ya aina hii haisemi jambo waziwazi. Inakuletea mwanamke anayemwaga mali, punda aliyevikwa vazi la heshima, bata mzinga mwenye pete mguuni, kioo kilichopasuka, kisha inakuachia kazi ya kufumbua.

Watu wengi wakikutana na mchoro kama huo huchukua njia mbili. Wapo wanaoutazama kidogo, wakaona wanyama na mwanamke, wakapita. Wapo pia wanaokimbilia kibandiko cha maelezo ukutani, wakasoma kwamba punda ni ujinga na bundi ni hekima, wakaondoka wakidhani wameelewa. Wa kwanza hakuusikiliza mchoro, na wa pili amesikiliza mkalimani tu. Ziko hatua zinazoweza kumsaidia mtu yeyote mwenye macho na subira kuusoma mwenyewe, bila digrii ya sanaa.

Katika makala haya nitatumia mchoro mmoja kwa kirefu: Istiara ya Bahati, ambao Salvator Rosa aliuchora Roma kati ya mwaka 1658 na 1659 hivi, na ambao leo uko katika jumba la makumbusho la J. Paul Getty huko Los Angeles, Marekani. Baadaye tutazipima hatua zetu kwa mchoro wa pili, wa Mfaransa Anne-Louis Girodet, wa mwaka 1799. Shika jambo hili kabla hatujaanza: mchoro wa istiara kuhusu sanaa na fedha ni shtaka. Kuna mlalamikaji, kuna mshtakiwa, na kuna ushahidi uliopangwa kwa ustadi ili wewe umpe mlalamikaji haki. Kazi yako ni kusikia shtaka lote, kisha kuuliza mshtakiwa angejibu nini.

Kabla ya kuanza: ipate picha kwa ukubwa

Jumba la Getty limeiweka picha ya mchoro huu kwenye tovuti yake, na unaweza kuipakua bila malipo. Ukiweza, itazame kwenye kompyuta badala ya simu, na kama unafundisha darasa, ionyeshe ukutani kwa projekta au uichapishe kwenye karatasi kubwa. Mchoro wenyewe una urefu wa mita 2 hivi na upana wa mita 1.3. Ukubwa huo ni ushahidi wa kwanza. Mtu anayetaka kumnong'oneza rafiki yake malalamiko humwandikia barua. Rosa alichukua turubai refu kuliko kimo chake, maana alitaka watu wengi wasimame mbele yake kwa pamoja.

Hatua ya 1: Taja unachokiona, usikitafsiri bado

Chukua karatasi, andika vitu unavyoviona, kimoja kimoja, bila neno la maana. Mwanamke amekaa juu. Mikononi ana pembe kubwa, ile pembe ya neema ambayo Wagiriki na Warumi wa kale waliichora ikiwa imejaa mazao na mali. Pembe imeinamishwa, na vito na vitu vingine vya thamani vinamwagika. Chini yake wamesongamana wanyama: punda, nguruwe, ng'ombe, kondoo dume na wengine. Yuko bundi. Chini ya kwato kuna vitabu, kibao cha mchoraji cha kuchanganyia rangi pamoja na brashi zake, majani ya mloreli ambayo Ulaya ya zamani iliwavika washairi kichwani, na ua la waridi.

Hatua hii inaonekana ya kitoto, lakini ndiyo inayorukwa zaidi. Ukianza na maana, macho yako yatatafuta vile tu vinavyokubaliana na maana uliyokwisha kuishika. Ukianza na orodha, utabaki na vitu viwili vitatu usivyojua vinafanya nini hapo, na mara nyingi hivyo ndivyo vyenye ufunguo. Hapa kitu cha namna hiyo ni ua la waridi. Vitabu, brashi na mloreli ni vifaa na tuzo za wasanii na wasomi. Waridi linatafuta nini kati yao? Liwekee alama ya kuuliza, tutalirudia.

Hatua ya 2: Fuata mali inakotoka na inakokwenda

Michoro kuhusu fedha ina faida moja kwa msomaji: fedha husafiri. Inatoka kwa mtu, inapita mahali, inamfikia mwingine. Basi usijiulize kwanza kila kitu kina maana gani. Jiulize maswali matatu: nani anatoa, nani anapokea, na nani amenyimwa?

Katika mchoro wa Rosa majibu yamepangwa kutoka juu kwenda chini. Juu yuko mtoaji. Chini yake wako wapokeaji, na wote ni wanyama. Hakuna binadamu hata mmoja anayepokea. Chini kabisa, kwato zilipo, viko vitu vya sanaa na elimu. Watazame pia wanyama wenyewe. Wanamwagiwa vito ambavyo hawawezi kuvivaa, kuvila wala kuvitumia. Mali inawafikia na inaharibika papo hapo. Hapo tayari una nusu ya shtaka, na hujafungua kitabu chochote: mali inakwenda kwa wasioweza kuijua thamani yake, na walioweza kuitumia wako chini ya miguu ya hao wapokeaji.

Hatua ya 3: Jifunze desturi ya wakati ule

Sasa ndipo ishara zinapohitaji msaada wa vitabu. Wachoraji wa Italia katika karne ya 17 hawakubuni ishara zao usiku mmoja. Walikuwa na kitabu cha Cesare Ripa kiitwacho Iconologia, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1593, na toleo lenye picha likafuata mwaka 1603. Kitabu hicho kilipanga kwa alfabeti namna ya kuchora mambo yasiyoonekana, kama Haki, Wivu, Hekima na Bahati, katika umbo la watu wenye mavazi na vifaa maalumu. Kwa mwanafunzi wa fasihi hii ni tashihisi tupu, ila imefanywa kwa rangi.

Kwa desturi hiyo, punda alikuwa mjinga, nguruwe alikuwa mlafi, mloreli ulikuwa sifa ya ushairi. Bundi alikuwa ndege wa Minerva, mungu wa hekima wa Warumi. Hapa msomaji wa Kiswahili awe mwangalifu. Bundi akilia juu ya paa huku kwetu, watu hushtuka na wengine hukemea, na ukiingia kwenye mchoro huu na hofu hiyo utamsoma bundi kuwa kisirani, ushike njia isiyofika. Kanuni ni hii: ishara huulizwa nyumbani kwake. Maana uliyonayo ni halali kabisa katika mchoro uliochorwa kwenu. Mbele ya mchoro wa Roma, tafuta kwanza Waroma walisema nini.

Usizame mno katika hatua hii. Wapo wanaokaa kwenye kamusi za ishara mpaka mchoro unageuka orodha ya msamiati. Tafuta maana za vitu vinne au vitano vikubwa, kisha endelea.

Hatua ya 4: Tafuta mahali desturi ilipovunjwa

Hatua hii nakuomba uitie moyoni kuliko nyingine zote. Desturi inakuambia kila mtu alisema nini. Mchoraji mwenyewe unamsikia pale anapoiacha desturi.

Bahati, ndiye yule mwanamke aliyekaa juu, kwa desturi ilichorwa mara nyingi ikiwa imefungwa kitambaa machoni. Maana yake inajulikana: bahati haichagui, leo inamwangukia huyu na kesho yule. Pembe ya neema nayo huchorwa ikiwa imeinuka, imejaa pomoni, ishara ya wingi na baraka. Rosa amefanya mabadiliko mawili. Amekiondoa kitambaa, na ameigeuza pembe kifudifudi.

Pima uzito wa mabadiliko hayo. Bahati kipofu haiwezi kulaumiwa, kwa kuwa asiyeona hana kosa. Bahati inayoona, kisha ikamwaga mali juu ya nguruwe, imechagua kufanya hivyo. Kwa kitambaa kimoja kilichokosekana, malalamiko ya jumla kuhusu maisha yamekuwa shtaka dhidi ya mtu mwenye macho na uwezo wa kuamua. Na pembe iliyoinamishwa inatuambia kwamba tatizo la Roma halikuwa uhaba. Mali ilikuwapo tele, ikimwagwa ovyo.

Ukisoma mchoro wowote wa aina hii, andika sentensi hii na uimalizie: "Kwa kawaida ingekuwa hivi, lakini hapa mchoraji amefanya hivi." Ukishindwa kuimalizia, rudi hatua ya tatu, maana desturi hujaijua vya kutosha.

Hatua ya 5: Tafuta mchoraji alipojiweka

Mlalamikaji hawezi kukosekana kwenye shtaka lake. Wakati mwingine anajichora sura waziwazi. Wakati mwingine anajificha ndani ya kitu. Angalia majina, saini, nembo za ukoo na vifaa vya kazi yake.

Turudi kwenye waridi. Jina la ukoo la mchoraji ni Rosa, na kwa Kitaliano hilo ndilo ua lenyewe. Sogeza picha karibu, chini, penye nguruwe: ua limelala chini ya mguu wake. Nguruwe halichukii wala halitaki. Hana habari nalo. Amelikanyaga kwa sababu liko pale anapotaka kusimama, akila cha mbele yake. Nionavyo, huo ndio mkato mchungu zaidi wa turubai lote. Adui anayekuchukia angalau amekutambua.

Ukishamwona Rosa kwenye waridi, vitu vingine vilivyo chini vinabadilika sura. Salvator Rosa alikuwa mchoraji, na pia alikuwa mshairi wa tungo za kejeli, mmojawapo ukihusu uchoraji wenyewe. Kwa hiyo kibao cha rangi ni chake. Vitabu na mloreli ni vyake pia. Kilichokanyagwa hapa ni riziki yote ya mtu mmoja, fani kwa fani. Msomaji aliyeishia kwenye maana ya jumla, kwamba sanaa na elimu zinadharauliwa, amesema kweli, lakini hakumwona mtu aliye ndani ya kweli hiyo.

Hatua ya 6: Uliza mfuko ulikuwa wa nani

Mchoro kuhusu fedha hausomeki vizuri mpaka ujue fedha za mahali pale ziligawiwa vipi. Maswali ya kutafutia majibu ni machache. Nani alikuwa na fedha nyingi? Alizitoa kwa utaratibu gani? Mchoraji huyu alikaa wapi katika utaratibu huo?

Roma ya Rosa ilikuwa mji wa papa. Kazi kubwa zilitoka kwa papa na ukoo wake, kwa makadinali, kwa mashirika ya watawa na kwa familia chache tajiri. Papa akifariki na mwingine kuchaguliwa, mlango wa kuombea kazi ulihama. Mwaka 1655 alichaguliwa Fabio Chigi kutoka mji wa Siena, akachukua jina la Alexander VII. Mwanzoni aliwazuia ndugu zake wasije Roma kula matunda ya cheo chake, lakini mwaka 1656 aliwaruhusu, na mwaka 1657 mpwa wake Flavio akawa kadinali. Waroma walikuwa na uzoefu mrefu wa ukoo wa papa kuneemeka, na walijua kufuatilia nani anapata nini.

Kwa kawaida mchoraji na mteja walikubaliana bei, mteja akatanguliza kiasi, kazi ikaanza. Rosa alijulikana kwa kuukataa utaratibu huo. Hakutaka kutangulizwa malipo wala kupatana bei kabla mchoro haujakwisha. Alitaka uhuru wake, na uhuru huo ulikuwa na gharama, kwa kuwa mteja mkubwa hupenda kujua ananunua nini na kwa kiasi gani.

Sasa mtazame punda. Amevikwa rangi za papa, na mwili wake unamkinga bundi asifikiwe na mwanga. Kwa aliyeishi Roma mwaka 1659, mnyama huyo hakuwa ujinga kwa jumla. Alikuwa ujinga unaovaa mavazi ya ikulu na kuizibia hekima jua. Si ajabu mchoro ulimletea balaa. Rosa aliponea chupuchupu kufungwa na kutengwa na Kanisa, na aliyemwokoa alikuwa Mario Chigi, ndugu wa papa mwenyewe. Inasimuliwa pia kwamba Rosa alitoa maelezo ya kujitetea kwamba wanyama wake ni wanyama tu, hawamwakilishi mtu yeyote.

Utetezi huo unatufundisha kwa nini istiara ilihitajika. Fumbo linamwezesha mnyonge kusema mbele ya mwenye nguvu, na likimfikisha pabaya, linamwachia mlango wa kutokea. Kwa hiyo usiyachukue maneno ya mchoraji kuhusu mchoro wake kuwa hukumu ya mwisho, hasa ukijua aliyasema akiwa na hofu ya gereza. Yaweke pamoja na ushahidi mwingine, uyapime.

Hatua ya 7: Sikiliza upande wa pili

Wasomaji wengi wa sanaa huishia hatua ya sita. Wamemwonea huruma mchoraji, wamemlaani tajiri, wamefunga daftari. Mimi nasema hapo kazi imefika nusu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na msemo huu unamhusu hata mwenye mfuko.

Alexander VII angeweza kujibu nini? Angeweza kutuonyesha uwanja ulio mbele ya kanisa la Mtakatifu Petro. Nguzo zile zinazouzunguka uwanja huo kwa mikono miwili ziliagizwa na papa huyuhuyu, na kazi ilianza mwaka 1656 chini ya mchongaji na msanifu majengo Gian Lorenzo Bernini. Mamilioni ya watu wamesimama ndani yake tangu wakati huo. Mali iliyomwagwa hapo haikuangukia nguruwe. Na ukisema papa aliwapendelea watu wa kwao, kwamba mcheza kwao hutunzwa na Rosa alikuwa mgeni kutoka Napoli, utakwama: Bernini naye alizaliwa Napoli, mwaka 1598.

Rosa mwenyewe hakuwa fukara. Katika miaka ya 1640 aliishi Florence akifanya kazi chini ya ukoo wa Medici, watawala wa mji huo, na aliporejea Roma mwaka 1649 jina lake lilikuwa limekwisha kuvuma. Shida yake ilikuwa ya aina nyingine. Wanunuzi walipenda michoro yake ya mandhari, yenye miamba, miti iliyovunjika na bahari, ilhali yeye alitaka kuheshimiwa kwa michoro mikubwa ya historia na falsafa. Walitaka kumlipa kwa kile alichokiona kidogo ndani yake.

Ongeza ushahidi mmoja zaidi. Mnamo mwaka 1662 hivi Rosa alichapisha mchoro wa kuchongwa kwenye bamba la shaba unaoitwa Kipaji cha Salvator Rosa, na ndani yake kijana anayewakilisha kipaji hicho anautupilia mbali utajiri. Mtu yuleyule aliyelalamika kwamba mali haimfikii anajitangaza kuwa haitaki. Tumwite mwongo? Sidhani. Soma michoro hiyo miwili kwa pamoja na utaona kidonda kilipo. Rosa hakuililia mali iliyomwagika. Aliumia kwa sababu mali ndiyo iliyokuwa mizani ya kumpimia msanii, na waliokuwa wameishika mizani hiyo, kwa maoni yake, hawakujua kupima. Wanyama wake wana kosa moja kubwa kuliko ulafi: hawawezi kutambua walichokikanyaga.

Hatua ya 8: Andika hukumu yako kwa sentensi mbili

Sentensi ya kwanza iseme mchoro unashtaki nini. Ya pili iseme shtaka hilo limethibitishwa kiasi gani. Mfano wangu ni huu: "Rosa anamshtaki mwenye mali wa Roma kwamba anaona, na bado anawapa wasiojua thamani huku ushairi na uchoraji ukikanyagwa. Anathibitisha vizuri kwamba fedha zinapokuwa mikononi mwa wachache msanii huru hana pa kusimama, lakini hathibitishi kwamba waliopewa wote hawakustahili." Yako inaweza kuwa tofauti kabisa, mradi kila neno uweze kulionyeshea kidole kwenye turubai au katika historia yake.

Jaribio: Girodet na bibi asiyelipa

Tuone kama hatua hizi zinafanya kazi penginepo. Mwaka 1799, mjini Paris, Girodet aliweka kwenye maonyesho makubwa ya Saluni picha ya mwigizaji maarufu, Mademoiselle Lange. Bibi huyo hakuipenda. Alikataa kulipa bei waliyopatana na akataka iondolewe. Girodet aliikata vipandevipande, akamrudishia vipande hivyo. Kisha kwa haraka akamchora upya na kuuweka mchoro mpya mbele ya watu katika siku za mwisho za Saluni ileile. Leo uko katika jumba la sanaa la Minneapolis, Marekani.

Orodhesha: mwanamke uchi, manyoya ya tausi kichwani, sarafu za dhahabu zinadondoka, ameshika kitambaa kuzikinga. Kuna bata mzinga mwenye pete ya ndoa mguuni. Kuna kioo kilichopasuka. Fuata mali: inatoka juu, inaingia kwenye kitambaa chake moja kwa moja. Desturi: huyu ni Danaë, binti mfalme wa hadithi za Kigiriki aliyefungiwa na babaye, na mungu Zeus akamjia kwa umbo la mvua ya dhahabu. Desturi ilivunjwa wapi? Katika mchoro wa Mwitaliano Tiziano ulioko jumba la Prado, Madrid, Danaë anautazama mwanga wa mungu, na sarafu zinakingwa na kijakazi kizee kwa aproni. Girodet amemfukuza kijakazi, kazi yake akampa bibi mwenyewe. Bata mzinga ni mumewe, tajiri Michel Simons, na kioo kilichopasuka ni cha mtu asiyetaka kujiona alivyo, yule yule aliyeikataa picha yake.

Mchoraji yuko wapi? Hayumo kwa sura, lakini mchoro wote ni hati ya madai yake. Na upande wa pili? Bibi alivunja mapatano, hilo ni kosa. Lakini Girodet alidai deni la picha moja kwa kumvunjia mwanamke heshima mbele ya Paris nzima, katika jambo la ndoa na mwili wake, na yeye hakuwa na turubai la kujibia. Rosa alimshambulia mtu aliyeweza kumfunga. Girodet alimshambulia mtu asiyeweza kumjibu. Wote wawili walitumia chombo kilekile cha istiara, lakini uzito wa mashtaka yao mbele ya haki hauko sawa, na msomaji mzuri lazima auseme utofauti huo.

Makosa ya kuepuka

Usilazimishe kila mnyama awe mtu fulani. Punda wa Rosa ana rangi za papa, kwa hiyo kuna sababu ya kumhusisha na papa. Kondoo dume wake hana alama kama hiyo; mwache awe kondoo, mmoja wa kundi linaloneemeka.

Usichukue uchungu wa mchoraji kuwa uthibitisho. Mtu anaweza kuumia kweli na bado akakosea kuhusu aliyemuumiza.

Usisahau uchoraji wenyewe. Watazame tena wanyama wa Rosa: ngozi, manyoya na uzito wa miili yao vimechorwa kwa mkono wa bwana wa kazi. Ustadi huo ni hoja pia. Rosa anasema sanaa imekanyagwa, na anaithibitisha thamani yake kwa namna alivyouchora hata mguu unaoikanyaga.

Usiishie siku mchoro ulipokamilika. Ufuatilie ulikopita. Istiara ya Bahati ilitoka Italia ikaingia Uingereza, ikawa mali ya ukoo wa makabaila wa Beaufort, na mwaka 1978 ikanunuliwa na jumba la Getty, lililoanzishwa kwa utajiri wa mafuta ya petroli. Mchoro unaouliza nani anagawa mali kwa sanaa umepita mikononi mwa wagawaji kadhaa, na unastahili kuulizwa swali hilohilo katika kila mkono.

Anza na mmoja

Chagua mchoro mmoja wiki hii, tenga nusu saa, pitia hatua nane kwa kalamu na karatasi. Ukiwa na jirani au mwanafunzi, mgawane: mmoja amtetee mchoraji, mwingine mwenye mfuko, kisha mbadilishane. Na kama unaishi karibu na wachoraji, una bahati ambayo mimi na wewe hatuwezi kuipata kwa Rosa: waulize bei hupangwa vipi, nani hutanguliza malipo, nani huchagua kitakachochorwa. Majibu yao yatakufungua macho kwa michoro ya miaka 300 iliyopita kuliko kitabu chochote. Mchoraji amekwisha kusema lake kwa rangi. Msikilize mpaka mwisho, kisha mweleze kwa heshima na bila woga pale ambapo ushahidi wake haukutosha.